Shosti, lile jengo letu la Mwanjelwa wanataka kulifufua

Shosti wangu wa Dodoma,

Za huko kwenye vumbi? Huku Mbeya baridi ishatukamata, asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka mlima Loleza hauonekani, nakuandikia nimekaa dukani na makoti mawili mwilini na mteja hata mmoja bado. Mama hajambo, anasema ule mchele wako wa Kyela anautunza ila panya nao wameshaanza kuuzoea, kwa hiyo fanya haraka.

Sasa sikia. Lile jengo ninalopanga si unalikumbuka, lile la ghorofa moja, tulikuwa tunapanda juu kupiga picha studio tukiwa fomu two? Studio ilishakufa zamani, juu kabaki fundi cherehani mmoja na kijana wa fotokopi, fremu zingine zote zimefungwa mpaka kufuli zimeota kutu. Mzee mwenye jengo nguvu zimemwishia, wanae ndo wameshika, na juzi wakatuita wapangaji wote wakatupa soda na maandazi halafu wakawasha projekta kutuonyesha mchoro wa jengo litakavyokuwa. Weee! Vioo mbele yote, aluminiamu, lifti, vigae vya kung'aa, na wazungu wamebeba mifuko ya shopingi wanacheka, mi nikajiuliza hao wazungu wameshuka na bajaji ipi hapa Mwanjelwa. Watu wakapiga makofi, mi sikupiga.

Maana mi naijua shida ya hili jengo na haipo kwenye vioo. Jumamosi iliyopita nilichukua makopo mawili ya Blue Band, kila mtu anayeingia geti kubwa nadumbukiza kifungo cheupe, kila anayepanda ngazi kifungo cheusi, jirani yangu wa viatu akaniona nimechanganyikiwa. Jioni nahesabu, vyeupe mia tatu na kitu, vyeusi ishirini na sita, na kati ya hao ishirini na sita kuna saba walikuwa wanatafuta choo! Na choo chenyewe unakijua, mia mbili unatoa na ndoo ya maji unajitafutia.

Ngazi zipo nyuma kabisa, gizani, pembeni ya jalala. Mchana alikuja mama ana mtoto mgongoni na kiroba mkononi, nilimwambia cherehani ipo juu, akaenda mpaka kwenye ngazi, akainua shingo akaangalia, akageuka, akavuka zake kwa machinga wa nje akashonewa pale pale. Halafu kwenye mchoro mbele pamesafishwa, machinga hawapo, mama wa viazi hayupo, hata kituo cha daladala hakipo, yaani hao wanaotuletea watu ndo wamefutwa wa kwanza. Na hii barabara kuu ya Tunduma inavyopanuliwa njia nne, watu watashukia wapi na watavukia wapi hakuna aliyeuliza.

Unakumbuka ulivyonisimulia habari za soko la Kariakoo, yule Beda Amuli aliyelichora, yale mapaa kama miavuli iliyopinduliwa, ya kukinga maji ya mvua? Nimeyawaza sana wiki hii. Sisi mvua za Mbeya zinatuvujia ndani, mi nina beseni mbili zinakaa kwenye kaunta toka Novemba mpaka Aprili, huku chooni hakuna maji, si maajabu hayo? Weka gata, weka matangi, toa mabati machache uweke yale yanayopitisha mwanga, sogeza ngazi mbele karibu na geti. Mi si injinia lakini naona hiyo ni rahisi kuliko lifti, ambayo umeme ukikatika tunaanza kuitana majina.

Ila kinachoninyima usingizi ni kuhamishwa. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006 na jipya likachukua miaka, sisi tuliokuwa tunakua kipindi kile tunajua watu walivyotawanyika, wengine wakaenda soko la SIDO na kule nako moto ukaja 2017. Hapa wametwambia "mtarudi", kwa mdomo tu. Nikauliza kodi itakuwa ile ile, wakasema itajadiliwa. Kilemba je, ile hela ya kuingilia fremu? Wakacheka. Na nusu yetu hatuna mkataba na mzee, tumepangishwa na mpangaji mwingine, siku ya kurudi atarudi yeye na jina lake.

Mi wazo langu, juu si patupu? Waanze juu, wamalize, watuhamishie huko, ndo washuke chini, hakuna anayefunga duka na wateja wanazoea kupanda. Nikikwambia ukweli naogopa hilo wazo langu mwenyewe, maana nani atapanda ngazi kufuata zipu ya mia tano? Lakini bora hivyo kuliko kukaa mwaka mzima barazani kwa dada na mabox yangu.

Kikao kingine ni mwisho wa mwezi, wamesema tuje na mapendekezo. Wewe ndo umesomea mipango miji, mi nina makopo ya vifungo tu. Panda basi la Ijumaa, njoo na futi yako ile ndefu tupime ngazi Jumamosi kabla hawajafungua geti kubwa, na usivae viatu vya maana, pale jalalani pana tope.

Nijibu leo leo basi, usiniache na tiki mbili za bluu.

Wako, wa vifungo