Barua ya wazi kwa kamati ya Krismasi: horini hapakuwa na kiingilio

Wapendwa wanangu, wanakamati, wanakwaya, walimu wa shule ya Jumapili na vijana wote wa kanisa, Bwana Yesu asifiwe.

Majilio, zile Jumapili nne za kuingojea Krismasi, yanakaribia. Najua mmeshaanza vikao, nyimbo zimeshachaguliwa na tangazo la michango limeshasomwa. Kabla hamjafika mbali naomba mnisikilize, maana nililoliona Krismasi iliyopita limenikaa rohoni mwaka mzima, na sitaki kuliona tena.

Siku ya mazoezi ya mwisho ya igizo la watoto, mama mmoja alimleta binti yake aliyepangiwa kuwa malaika. Mchango wa sare ulikuwa umemshinda. Akachukua boksi, akalikata mabawa, akayabandika karatasi nyeupe na kumfunga mtoto mgongoni kwa utepe uliopauka. Bawa moja lilikuwa refu kuliko jingine. Mtoto alikuwa ameyashika maneno yake yote, neno kwa neno. Mmoja wenu akamtazama, akamwambia mama yake mbele ya watoto wengine kwamba mabawa yale yataharibu picha. Mtoto akavuliwa. Akaenda kukaa benchi la nyuma, mabawa ameyalaza mapajani, akiwatazama wenzake mpaka mazoezi yakaisha. Siku ya Krismasi hakuonekana, yeye wala mama yake, na hakuna aliyeuliza wako wapi.

Mnajua maneno aliyopangiwa mtoto yule? Ni ya Luka sura ya 2: habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote. Watu wote, wanangu! Mtoto kazuiwa kuyasema maneno hayo kwa sababu mama yake hakuwa na pesa ya kitambaa.

Nawaomba mwisome sura hiyo mpaka mwisho, msiishie kwa wachungaji na kondoo wao. Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto hekaluni kutimiza sheria ya utakaso wa mama siku 40 baada ya kujifungua, Luka anataja sadaka ya ndege wawili tu, hua au makinda ya njiwa. Ukirudi Walawi 12 utaona kwamba sheria ilitaka mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja, na ndege wawili walikuwa ni nafuu ya mama asiyeweza kumpata mwana-kondoo. Mama wa Bwana alitoa sadaka ya wasio na uwezo. Na pale pale hekaluni mzee Simeoni akampokea yule mtoto mikononi na kumshukuru Mungu. Sasa niambieni, kwa utaratibu wenu wa mwaka jana, familia ile ingepata nafasi kwenye igizo letu?

Na chanzo cha maigizo haya mkikumbuke. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, mtawa Fransisko wa Asizi aliomba aandaliwe hori, majani makavu, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao jinsi Mwana wa Mungu alivyozaliwa katika shida. Wanavijiji wakaja usiku na mishumaa na mienge yao. Alitaka umaskini ule uonekane. Sisi tunatumia igizo hilo hilo kuuficha.

Kwa hiyo mwaka huu sare za igizo zisichangiwe. Kila nyumba yenye shuka la zamani au kipande cha kitambaa ilete kanisani, tukae pamoja siku moja tukate na kushona, na watoto wenyewe washike gundi na mikasi. Wapo mafundi wazuri humu kanisani, hawajawahi kuombwa. Mtoto anayekuja mazoezini apewe nafasi. Akisahau maneno, mwalimu amkumbushe kwa sauti ya chini, yaishe. Na mwenye simu apige picha akiwa ameketi, maana mwaka jana mabibi waliotoka nyumbani alfajiri hawakuona kitu zaidi ya migongo ya wapiga picha.

Sisemi haya yameanzia kanisani. Siku hizi tumezoea kupimana kwa kinachoonekana. Mtu anakopa ili sikukuu ya nyumba yake isionekane pungufu kuliko ya jirani, kisha mwezi wa kwanza unamkuta hana amani. Wapo wazazi wanaojifungia ndani siku ya Krismasi kwa kuona aibu ya mavazi ya watoto wao. Huko nje sina mamlaka nako. Lakini kanisani mtu anatakiwa aingie apumzike na mashindano hayo, na sisi tumeyafungulia mlango yakaingia, tukayapa kiti cha mbele.

Ndiyo maana nasema pia kuhusu kusoma majina ya waliochanga na kiasi walichotoa. Acheni. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Orodha ikishasomwa kutoka mbele, aliyetoa kidogo anainamisha kichwa, na asiyetoa anatafuta kanisa lingine. Wekeni sanduku, watu watumbukize bahasha zisizo na majina. Mhasibu asome jumla na matumizi, tena asome yote, hadi kilichobaki. Hapo ndipo uwazi unapotakiwa.

Mengine nayataja kwa ufupi. Ibada ya mkesha ianze saa iliyotangazwa, wapo wanaorudi nyumbani kwa miguu gizani. Usafi na mapambo yasiachiwe akina mama walewale kila mwaka, vijana wa kiume nao wana mikono. Waliofiwa mwaka huu watembelewe kabla ya sikukuu, kwa sababu siku hiyo kiti kitupu kinauma kuliko siku nyingine zote. Wageni waliorudi likizo wakaribishwe bila kuulizwa walipotelea wapi. Ugomvi wa nani ataimba sauti ya kwanza umalizwe mazoezini, usiletwe madhabahuni.

Wanakwaya, ninyi nawapenda, na ninajua mnavyojitoa. Mnatoka kazini mmechoka, mnasimama mpaka usiku mkirudia mstari mmoja hadi ukae sawa, na wengine mnakuja mazoezini hamjatia kitu mdomoni. Mungu awalipe. Ombi langu kwenu ni moja tu: katika nyimbo mtakazoimba, ziwepo zile ambazo mzee asiyeona na mtoto asiyejua kusoma wanaziweza. Malaika walipoimba, wachungaji walirudi makwao nao wakimtukuza na kumsifu Mungu. Kanisa zima linapokaa kimya kuwasikiliza ninyi tu kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kuna watu wamekuja kuabudu na wameondoka hawajafungua vinywa vyao.

Halafu kuna hili la kufunga sikukuu tarehe 25 jioni. Kanisa tangu zamani limeihesabu Krismasi kuwa majira, siku 12 hadi Epifania, sikukuu ya mamajusi waliomfikia mtoto Yesu, tarehe 6 Januari. Tarehe 26 makanisa mengi yanamkumbuka Stefano aliyepigwa mawe, na tarehe 28 watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, wakati Yusufu alipochukua familia yake usiku na kukimbilia Misri. Kalenda yenyewe inatupeleka kwa wenye machozi mara tu baada ya shangwe. Lakini kwetu tarehe 26 mlango umefungwa, mapambo yameanza kung'olewa, na kamati imeshavunjwa. Wagonjwa waliolazwa wako palepale, wafungwa wako palepale, na mama mjane anayekaa peke yake hajasikia hodi.

Nimeongea na mchungaji, amekubali kanisa lifunguliwe kila jioni kwa sala fupi hadi Epifania. Kilichobaki ni watu. Katibu aandae orodha ya zamu za kutembelea wagonjwa, wafungwa na wazee wasiotoka ndani, wawili wawili, mkubwa na kijana, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 6 Januari, na ibandikwe ukutani kabla ya Jumapili ya pili ya Majilio. Tarehe 26 niandikeni mimi. Nahitaji kijana mmoja wa kunishika mkono kwenye ngazi za wodini.

Mama yenu katika Bwana,
Mzee wa kanisa