Cherehani bila kitambaa

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Nsambya, Kampala. Mwaka jana shirika moja, jina nalihifadhi, lilimpa jirani yangu, mkimbizi, mama wa watoto wanne kutoka Uvira, Kongo, cherehani mpya. Wakampiga picha, wakaenda zao. Kitambaa hana, uzi hana, wateja hawamjui, na Kiganda chake kilikuwa "webale" (asante) tu. Baada ya miezi miwili akataka kuiuza alipe kodi ya chumba.

Nikamwambia, Mama, ilete hapa kibarazani kwangu. Nikampa doti tatu za kitenge kwa mali kauli. Jamani, mikono yake! Anakata kola bila kuchora chaki. Leo analipa kodi mwenyewe, na deni langu alilimaliza shilingi elfu tano tano, kila Jumamosi, kwa simu.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na hapo Uganda tunastahili sifa. Ila wanaogawa vifaa watoe pia mtaji wa miezi ya mwanzo na mtu wa kuwafundisha Kiganda cha sokoni.

Mdogo wake naye kafika wiki jana. Fundi viatu. Natafuta pa kumkalisha.

Mama fundi, Nsambya