Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Moshi: tunaomba mtu wa filimbi kwenye maporomoko ya maji

Mheshimiwa, shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Moshi mjini, na mgeni wangu yeyote kutoka Dar lazima nimpeleke kwenye maporomoko ya maji. Mwenye miguu mizuri nampandisha Materuni, kule Uru, tupite katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba na kahawa vimebanana, mpaka ausikie mngurumo wa maji kabla hajayaona. Anayelalamikia magoti namteremsha Kinukamori, Marangu, akasimuliwe habari za binti Makinuka na chui.

Novemba iliyopita tulikuwa kwenye maporomoko mojawapo wilayani kwako. Siyataji, maana yaliyotupata yangetokea popote. Jua lilikuwa kali. Shangazi yangu akavua raba, akaziweka juu ya jiwe kavu, akaingia mpaka magotini huku akipiga kelele za baridi. Mwongozaji wetu, kijana mcheshi kwelikweli, alikuwa anampiga picha.

Mara tukasikia mtu anaita kwa Kichaga kutoka juu ya njia. Ni mama mmoja, kabeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hatukumwelewa. Akautupa mzigo chini, akaanza kupunga mikono yote miwili: "Tokeni! Maji yanakuja!"

Tukatoka, shangazi akinung'unika. Hata hajajifuta miguu, maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, yakaja na vijiti na magome, na lile jiwe likazama. Raba moja ilizunguka kwenye povu, ikapotea. Ya pili shangazi kaiweka mpaka leo, sijui ya nini.

Nilimuuliza yule mama alijuaje. Akanyoosha kidole mlimani: wingu jeusi lilikuwa limekaa msituni. Basi. Upande huu wa kusini wa Kilimanjaro mvua nyingi zaidi hunyesha huko msituni, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, na aliye chini bondeni anaweza kuwa anaota jua wakati mto unajaa juu yake. Watu waliokua wakichunga zamu za maji ya mifongo, mifereji ya asili ya Wachaga, hawahitaji kufundishwa hilo. Sisi wa mjini tunatazama anga lililo juu ya vichwa vyetu tu.

Tulilipa kiingilio, tukamlipa na mwongozaji. Aliyetuokoa hakulipwa na yeyote, tena alianza upya kufunga mzigo wake.

Ombi langu ni dogo. Kila penye maporomoko yanayotoza kiingilio, awepo mwanakijiji mmoja anayeujua mto, akae juu na filimbi na simu, alipwe kutokana na viingilio hivyohivyo. Akisema njia imefungwa, iwe imefungwa, hata kama gari la wageni ndiyo kwanza linaegesha. Sidai kuta za zege wala mageti. Tafadhali msije mkapaharibu. Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na jambo hili linaweza kuamuliwa kabla masika hayajaanza mwezi Machi.

Namba ya yule mama sina, ila anapokatia majani napajua. Mkimhitaji nitawapeleka.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Moshi