Pendulamu ya Dar si ya Paris

Paris

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za Dar? Wazazi wape shikamoo zangu. Nakujibu kuhusu pendulamu ya mwanga unayotaka kutengeneza kabla hujanunua waya: usiige vipimo vya huku.

Pendulamu ya mwanafizikia Foucault, yaani tufe linalobembea kwenye waya ili kuonyesha kwamba Dunia inazunguka, ilitundikwa katika jengo la Panthéon mwaka 1851 ikiwa na waya wa mita 67 na tufe la kilo 28. Hapa mstari wa kubembea hugeuka takriban digrii 11 kwa saa, kufuata mishale ya saa. Dar iko digrii 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo yako itageuka digrii 1.8 tu kwa saa, tena kinyume chake.

Jicho halishiki mwendo wa taratibu hivyo, ndiyo maana wazo lako la kuacha alama ni zuri sana. Paka ubao rangi nyeupe, juu yake rangi ing'aayo gizani, kisha funga taa ndogo ya LED ya zambarau katikati kabisa chini ya tufe. Kila mbembeo utaacha mstari wa kijani, na miisho yake itang'aa zaidi kwa sababu tufe hupunguza mwendo pale kabla ya kurudi. Ukibembeza sentimita 30 kila upande, baada ya saa moja mwisho wa mstari utakuwa umehama milimita 9 hivi.

Adui wako ni duaradufu, yaani tufe kubembea kwa njia ya umbo la yai badala ya mstari mnyoofu. Kwa waya wa mita 4, tufe likipotoka milimita 1 tu pembeni, huo upotofu peke yake hugeuza mstari digrii 2 na zaidi kwa saa, kupita mgeuko unaoletwa na Dunia yenyewe! Kwa mita 10 hushuka hadi robo digrii. Basi tafuta dari lililo juu sana.

Tufe la michezo la kilo 7.26 linatosha, fundi alitoboe katikati. Waya uwe wa chuma wa piano, milimita 1, ubanwe na kichwa cha drili chenye meno matatu kilichofungwa kwenye boriti ya zege. Ndoano haifai, maana waya hucheza zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Zungushia kamba, watoto wasisogee.

Usilisukume kwa mkono. Livute kwa uzi wa pamba, zima pangaboi, subiri litulie kabisa, kisha choma uzi kwa kiberiti.

Saa ya kwanza ikipita pima kwa rula. Ukipata milimita 20, usiguse ubao. Panda ukakague kibanio.

Kaka yako