Mheshimiwa Waziri, huo moto ulianzia wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira,

Nakuandikia kutoka Umoja, mtaa ambao maji huja kwa zamu na kila mlango una mitungi yake. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, nalo hulishwa na mito inayoshuka kutoka msitu wa milima ya Aberdare. Kwa hiyo nikisikia kule juu kunaungua, mimi sihesabu miti. Nahesabu mitungi.

Kiangazi kimoja nilipanda na vijana wenzangu kupitia Kinangop kwenda kusaidia kuzima. Tulikuwa na panga tatu, matawi mabichi na maji ya kunywa. Unaupiga, moto unalala, unasonga hatua kumi; ukigeuka, moshi unatoka palepale ulipokanyaga. Mzee mmoja wa huko alichomeka fimbo ardhini, akaichomoa, ncha ikawa inafuka. Mboji ilikuwa inaungua chini kwa chini, na mboji haizimwi kwa matawi. Nambari ya dharura tuliyopewa iliita hadi ikakatika. Kilichotuokoa ni mvua.

Mvua ikanyesha, habari ikaishia hapo. Mlima Kenya uliungua Machi 2012, Aberdare ikaungua Februari 2022, na kila mara hatukosi wa kumlaumu: warina asali, wachoma makaa, wachungaji wanaotaka nyasi changa. Huenda ni kweli. Ila mimi sijawahi kushika mkononi ripoti inayosema moto fulani ulianzia hapa, saa fulani, kwa sababu hii.

Australia waliungua vibaya kuliko sisi. Tarehe 7 Februari 2009, joto la Melbourne likiwa limepita nyuzi 46, moto wa jimbo la Victoria uliua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Iliundwa tume, ikasikiliza mashahidi hadharani, na mwaka uliofuata ikatoa mapendekezo 67. Moto wa Kilmore East peke yake uliua watu 119, na chanzo chake kilitajwa: waya wa umeme uliochakaa ukakatika. Ukishajua ni waya, unajua nani alipaswa kuukagua. Tume haikuogopa hata kuikosoa sera ya serikali iliyowaambia wananchi waondoke mapema au wabaki kulinda nyumba zao.

Sisi tunaahidiwa miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hadi siku ya mapumziko ili tuipande. Nilipanda yangu miwili. (Mmoja uliliwa na mbuzi, lakini hiyo si kesi yako.)

Ombi langu ni hili. Moto wowote mkubwa wa msitu ukizimika, itoke ripoti kwa umma: nani aliona moshi kwanza, alimpigia nani, ndege ilifika siku ya ngapi, mikanda ya kuzuia moto ilikuwa imefyekwa au la. Na ufyekaji huo ufanywe kabla ya Januari, si moshi ukishaonekana. Wanavijiji wanaoishi ukingoni mwa msitu wapewe redio za mawasiliano, maana wao ndio hufika kwanza.

Anza na ule wa Februari 2022. Kama ripoti yake iko kwenye kabati fulani, niambie ghorofa ya ngapi. Nitakuja mwenyewe na pesa za fotokopi.

Wako,
Mkazi wa Umoja