Tumbo la mtoto aliye kwenye dawa

Mwanza

Mpendwa mwenzangu,

Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa moyoni. Umeuliza inakuwaje mtoto mwenye limfoma ya tumbo, yaani saratani ya chembe za kinga, aanze dawa, uvimbe uanze kunywea, halafu utumbo utoboke.

Limfoma ya Burkitt, ambayo sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua mno kwa sababu ya malaria iliyotuzunguka, hula ukuta wenyewe wa utumbo, mara nyingi pale mwembamba unapoungana na mpana. Uvimbe ukifa haraka, panabaki tundu. Wengine hutoboka hata kabla ya dozi ya kwanza. Kwa hiyo usimwache mama aamini kwamba tiba ndiyo iliyomharibu mwanawe. Bila dawa, uvimbe huo huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Ninachokiogopa ni tumbo linalodanganya. Predinisoloni, dawa ya steroidi iliyomo kwenye tiba, hufunika maumivu, na chembe nyeupe za damu zikishuka hata homa huenda isipande. Juzi nilimkuta mtoto amejikunja, magoti kifuani, uji hautaki. Tumbo halikuwa gumu kama tulivyofundishwa chuoni, ila mapigo ya moyo yalikwenda mbio. Eksirei ya kusimama ikaonyesha hewa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, dalili kwamba utumbo umetoboka.

Ukimpata wa namna hiyo, asile wala asinywe. Mpira wa kupitia puani hadi tumboni, dripu, antibayotiki za mshipa, kisha piga simu hospitali ya Bugando papo hapo. Afadhali sasa daraja la Kigongo–Busisi lipo, hamngoji tena kivuko. Wapasuaji hukata kipande kilichotoboka na kuosha tumbo. Ncha za utumbo huziunganisha, au huzitoa nje ya tumbo kwa muda kama uchafu umetapakaa na mtoto amedhoofu. Hawahangaiki kuondoa uvimbe wote, hiyo ni kazi ya dawa. Na dawa zirudi mapema, mara mtoto anapotulia. Hapo mimi hubishana sana na wenzangu wanaotaka kidonda kikauke kabisa kwanza, maana ugonjwa huu haumsubiri mtu.

Yule wako anayerudi nyumbani kati ya dozi na dozi, mwambie mama yake hivi: tumbo likiuma, likijaa, au mtoto akitapika, asingoje tarehe ya kliniki wala asimpe dawa ya minyoo. Aje kwako hata usiku, na ndugu wa kuchangia damu wajiandae.

Wasalimie nyumbani.

Mwenzako wa wodini