Mzazi asiyejua mshipi aanze na fundo

Mhariri,

Wazazi wengi wa mjini hawapeleki watoto kuvua kwa mshipi, yaani uzi wenye ndoano, kwa sababu wao wenyewe ndio kwanza wanajifunza. Hofu hiyo haina msingi. Mvuvi wa miaka 30 mara nyingi hawezi kueleza fundo lake, maana vidole vinafunga vyenyewe. Anayejifunza bado anakumbuka mkono ulikwama wapi. Sharti ni moja: somo la Jumamosi uwe umelifanya Ijumaa mpaka likakubali.

Anzeni nyumbani, kwa fundo. Mpe mtoto kipande cha mshipi na pete ya funguo badala ya ndoano. Apitishe ncha kwenye pete, aizungushie mshipi mara 5, airudishe katika kitundu kilichobaki karibu na pete, alowanishe kwa mate, ndipo akaze polepole. Pasipo mate nailoni huungua kwa msuguano, na siku samaki wa maana akinasa mshipi utakatikia hapo hapo. Ncha ibakizwe milimita 3 hivi, lisije likafumuka.

Mita 20 za mshipi wa milimita 0.40 zinatosha, zikizungushwa kwenye chupa tupu ya maji. Mwembamba zaidi husifiwa kwamba samaki hauoni, lakini humkata mtoto vidole na kujisokota. Ndoano iwe moja, namba 8 au 10 (namba ikipanda, ndoano inapungua), na kijino cha ndani ya ncha kibanwe kwa koleo. Samaki wachache watachomoka, lakini ndoano ikiingia kidoleni itatoka bila kisu. Chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, ya gramu 30 ifungwe mwishoni kabisa kwa uzi dhaifu, hata wa kushonea, na ndoano ikae shubiri moja juu yake. Chubwi ikinasa kwenye mwamba, uzi utakatika na ndoano itarudi.

Siku nayo huchaguliwa. Kwenye bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4, na mkondo hubeba chubwi ya mtoto kama kizibo. Ngojeni maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo: siku ya 8 au 9 tangu mwezi kuandama, ama ya 22 au 23. Siku hizo pwani yetu hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo kuanzia saa mbili mnavua maji yanayoingia.

Chambo cha ngisi hudumu kuliko kamba, ambaye ni laini na hudonolewa akaisha. Ukiwa na kamba tu, mnyunyizie chumvi alale usiku kucha, atakakamaa. Kipande kisizidi ukucha, na ncha ya ndoano ionekane. Mtoto adondoshe mshipi wima, asirushe, na aulaze juu ya kidole cha shahada. Kamwe asiuzungushe mkononi: samaki mmoja tu mwenye nguvu, kama kolekole, akivuta, mshipi utamchana. Akisikia kudonoa asubiri. Akisikia uzito, avute ghafla kadiri ya shubiri moja.

Hapa mwalimu asibahatishe. Samaki aitwaye chafi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, inayopenya kitambaa. Asishikwe, shika ndoano kwa koleo na umtikise juu ya ndoo. Akichoma, tia kidole kwenye maji ya moto yanayostahimilika, uyapime kwanza kwa mkono wako mwenyewe, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maumivu yakizidi, hospitali. Bunju, anayevimba akitolewa majini, haliwi, wala sumu yake haitoki kwa kupikwa. Samaki msiyemjua kateni mshipi, mwacheni ndooni bila kumgusa, kisha mpelekeni dikoni, wavuvi wanapoteremsha samaki, wewe na mtoto, mkaulize.

Mvuvi wa mshipi,
Tanga